Hodi Iliyozuiwa Huenda kwa Nani?

Ndugu msomaji, uniwie radhi kwa kuleta habari za mashine katika ukumbi wa watu wa hadithi na mashairi. Mashine yenyewe ni kongwe, imenizidi umri kwa miaka mingi, na swali nililonalo halihusu mashine peke yake. Nauliza hivi: mtu ana haki gani ya kukataa kukatizwa? Sisi tunaojifunza kuandika huwa na jibu mdomoni tayari. Mwandishi sharti ajifungie, simu izimwe, na anayegonga aambiwe mwenyewe hayupo. Nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo, tena kwa majigambo, hasa mbele ya wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne ambao sasa wana kazi zinazoeleweka. Siku hizi nasita kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Baba Mdogo alirudi kutoka Ujerumani mwaka 1995 akiwa na Commodore 64 ndani ya sanduku la nguo. Hiyo ni kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982, kibodi na mashine vikiwa kitu kimoja, imefura kama mkate. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwezi Aprili 1994, basi huko Ulaya watu walikuwa wakiziuza kama wanavyouza baiskeli kuukuu. Kwetu ilikuwa ajabu. Kumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na ingawa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970, huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Hivyo Baba Mdogo alipoiweka ile mashine sebuleni kwa bibi, kijijini nje kidogo ya Muleba mjini, na kuiunganisha na televisheni ambayo haikunasa stesheni yoyote, watu walikuja kutazama kioo cha bluu kikipepesa alama moja. Walitazama, wakatafuna kahawa, wakaenda zao.

Ile alama inayopepesa ndiyo mwanzo wa hadithi. Baba Mdogo alikuwa akiniuliza, "Unadhani nani anaiwasha na kuizima?" Nilipokuwa mdogo nilijibu, "Umeme." Akasema, "Umeme wenyewe tunanunua Uganda, utapata wapi nafasi ya kupepesa?" Halafu akacheka peke yake. Jibu ni kwamba mara 60 hivi kila sekunde, prosesa ya mashine ile hupigiwa hodi. Mafundi huita intarapti. Chochote inachofanya, iwe inapiga hesabu au inachora, inamaliza hatua iliyo mkononi, inaweka alama ya pale ilipofika, inaacha, inakwenda kuitikia. Ikifika mlangoni ina kazi chache za kufanya: kusogeza saa, kupepesa alama, kuangalia kama kuna kidole kimebonyeza kibodi. Kisha inarudi pale pale ilipoacha, na programu iliyokatizwa haina habari kwamba kuna mtu aliingia akatoka.

Sasa, mashine ikipigiwa hodi inajuaje pa kwenda? Ndani ya kumbukumbu yake, kwenye namba 788 na 789, pameandikwa anwani. Fikiria kibao cha njia panda kilichoandikwa "Wagonga hodi, pitia huku." Kiwandani walikiandika kielekeze namba 59953, ambako kazi zile za saa na kibodi zinafanyika. Lakini kibao hicho hakina kufuli. Programu yoyote inaweza kukifuta na kuandika anwani yake. Uzuri wa mashine uko hapo, na ugomvi wote pia.

Kijijini palikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa rafiki mkubwa wa Baba Mdogo. Wakawa wanaandika programu kwa zamu, huyu Jumamosi, yule Jumapili baada ya kanisa, na kuzihifadhi kwenye kaseti kama zile za muziki. Baba Mdogo aliandika programu ya kupiga wimbo polepole kwa nyuma huku wewe ukiendelea na kazi nyingine. Mwalimu aliandika saa inayoonekana kwenye kona ya kioo na kulia kengele muda wa mtihani ukiisha. Zote mbili zilihitaji kuamshwa kila hodi ilipopigwa. Kwa hiyo zote mbili zilikwenda kwenye kile kibao.

Unaona itakavyokuwa. Ukiingiza wimbo, wimbo unalia. Ukiingiza saa, saa inatokea na wimbo unakatika katikati ya noti. Ukianza na saa kisha wimbo, saa inaganda. Anayekuja mwisho ndiye mshindi. Baba Mdogo alisema programu ya Mwalimu imeharibu ya kwake. Mwalimu akasema ya kwake ni nzima, imepimwa, basi kosa liko kwa mwenye wimbo. Na bwana, wote walikuwa wakisema kweli! Kila programu ilipokuwa peke yake haikuwa na dosari. Kila mmoja aliandika kwa adabu kabisa: akimaliza kazi yake anaipeleka mashine kule 59953 ili kibodi isife. Kosa lilikuwa dogo tena la kawaida mno. Kila mmoja alidhani kati yake na kiwanda hakuna mtu.

Nimeambiwa hawakusemezana tangu mavuno ya kahawa mpaka karibu na Krismasi. Ulikuwa ugomvi wa watu wazima, kwa ajili ya namba mbili.

Aliyepata dawa ni Mwalimu, na aliipata kwa kutazama mashine yenyewe inavyofanya ikisoma kaseti. Wakati huo mashine huhitaji kibao kwa kazi yake yenyewe. Lakini kabla ya kukibadilisha, inaandika pembeni anwani iliyoikuta. Ikimaliza kusoma, inairudisha vilevile. Haiulizi kama aliyekuwapo ni kiwanda au ni mtu baki. Mwalimu akachukua somo hilo akaliongezea kidogo: programu yake ilipoingia, ilisoma kwanza kibao kimeandikwa nini, ikaihifadhi ile anwani, na kila ilipomaliza kazi haikukimbilia 59953, ilikwenda kwa yule iliyemkuta. Akamshauri Baba Mdogo afanye hivyo hivyo. Wimbo ukalia na saa ikatembea.

Niliiona daftari waliyoandika hayo. Ina mambo mawili mengine ninayoyapenda. La kwanza: anwani ile ni ya namba mbili, na mashine hubadilisha moja kwanza, halafu nyingine. Hodi ikipigwa katikati, kibao kinakuwa nusu cha zamani nusu kipya, na mashine inapotea porini. Kwa hiyo kuna amri ya kufunga mlango kwanza, SEI, na amri ya kuufungua, CLI. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: funga, badilisha, fungua, upesi. Kufunga mlango si dhambi, basi. Kuna kazi ambazo ukikatizwa katikati yake hubaki na nusu mbili zisizoungana, na yeyote aliyewahi kuandika sentensi ngumu anajua.

La pili ni kuondoka. Siku moja Baba Mdogo alifuta programu ya wimbo kwenye kumbukumbu wakati saa ya Mwalimu bado inaendelea kuwapeleka wagonga hodi kwake. Mashine ikaganda papo hapo. Mwalimu alikuwa akipeleka wageni kwenye nyumba iliyohamwa.

Mimi nilifundishwa mashine hiyo nikiwa shule ya sekondari, ikiwa bado inawaka. Na jambo lililonikaa kichwani kuliko yote ni hili. Mashine ile ina kitufe cha STOP cha kusimamisha programu inayoendelea. Zamani waliotaka programu zao zisisimamishwe na mtu walikuwa na ujanja wa mstari mmoja: POKE 788,52. Unabadilisha kibao kidogo tu, kiruke hatua moja ya kwanza kule ndani. Baada ya hapo mtu abonyeze STOP mpaka kidole kiume, programu haisikii. Baba Mdogo alinifanya niandike mstari huo, kisha akaniambia niiulize mashine saa ngapi. Nikauliza. Akasema tunywe chai. Tukanywa chai, tukarudi, nikauliza tena. Saa ilikuwa ile ile, sekunde kwa sekunde. Hatua iliyorukwa inafanya kazi mbili: inaangalia kitufe cha STOP na inasogeza saa. Huwezi kuiruka nusu. Ukiandika 49 mahali pa 52 kila kitu kinarudi, ila muda uliopita saa haiujui.

Nilikuwa kijana wa miaka 16, nikaona hilo ni jambo la kuchekesha tu.

Kuna hodi ambayo SEI haiizuii. Kwenye mashine ile ni kitufe cha RESTORE. Ukishika STOP na kugonga RESTORE kwa nguvu, hata aliyejifunga kwa 52 atatoka: kioo kinasafishwa, na vibao vyote vinarudishwa kama vilivyotoka kiwandani. Wimbo unanyamaza, saa ya kona inanyamaza, na kilichobaki ni ile alama inayopepesa. Watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, nyumba zikaanguka, watu wasiopungua 17 wakafa. Hakuna aliyeomba amalizie alichokuwa akisema.

Lakini hodi kama hizo ni chache, na ugumu hauko hapo. Tetemeko halikupi nafasi ya kukosea. Ugumu uko kwenye hodi za kawaida, zile ambazo unaweza kuzizuia.

Mimi na dada yangu tumepanga vyumba viwili Kashai, hapa Bukoba. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda sokoni. Naye anaandika, ana madaftari matatu ya mashairi, na kwa maoni yangu ananizidi, ingawa nimechelewa kukiri. Mimi naandika riwaya. Novemba mwaka juzi, msimu wa senene, nilikuwa kwenye sura ya tisa, sura inayomhusu bibi yangu, jinsi alivyoolewa na kuletwa kwenye kibanja kile. Nilizima simu. Nilifunga mlango kwa komeo. Jioni mtoto wa mama mwenye nyumba akagonga. "Kaka, dada amesema..." Nikapaza sauti: "Nimeshasema sitaki usumbufu!" Akaondoka. Akarudi. Aligonga mara nne kwa jumla, na hata mara moja hakufika mwisho wa sentensi yake. Najisifia kwamba sikukatizwa siku ile. Aliyekatizwa ni mtoto.

Nilifungua saa nne usiku, nimeandika kurasa kumi na moja. Dada hayupo, jiko limepoa. Nikawasha simu.

Bibi mkono ulianza kufa ganzi mchana. Baba Mdogo alinipigia mimi kwanza, kwa sababu bibi aliniita mimi, "yule wa vitabu." Hakunipata. Akampigia dada. Dada alimpigia mama mwenye nyumba amtume mtoto, akasubiri, kisha akafunga kibanda na nguo ya mteja ikiwa nusu chini ya sindano, akawahi Hiace ya mwisho ya Muleba. Mimi nilipanda ya kwanza alfajiri. Kemondo, Muhutwe, kila kituo dereva anasimama kupakia ndizi. Nilipofika bibi alikuwa ameketishwa kitandani, mdomo umeenda upande, macho yananitambua. Maneno yalikuwa yamekwisha. Dada akasema alizungumza mpaka kama saa mbili usiku.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Majina ya watu. Wa zamani zamani. Alisema uyaandike. Mimi sikuyaandika, nilikuwa nimeshika beseni."

Nikanyamaza. Kisha nikasema neno la kijinga, nikasema ningejua ningekuja. Dada hakukasirika. Alisema tu, "Wewe ulikuwa umefunga. Mtu lazima apokee."

Basi hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya ile mashine. Kwenye mashine, ukifunga mlango kwa SEI na hodi zikapigwa kumi, ukifungua utakuta moja tu inasubiri. Tisa zimepotea, na hasara ni kwamba saa imechelewa kidogo. Hakuna mwingine anayeumia. Nyumbani hodi hazipotei namna hiyo. Ukizikataa zinageuza njia na kwenda kwa mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo anajulikana kabla. Katika nyumba zetu nyingi ni msichana. Chumvi imekwisha, mgeni amefika, mtoto analia, mjomba anataka maji ya kuoga: kibao cha njia panda kimeandikwa jina lake tangu alipojua kubeba ndoo, na hakuandika yeye. Kimya changu cha kurasa kumi na moja hakikutoka hewani. Kilikatwa kwenye jioni ya dada yangu.

Najua mtakalosema, kwa kuwa nami nililisema. Mtasema bila kujifungia hakuna kitabu. Kweli. Mwalimu wa hesabu mwenyewe ameandika kwa wino mwekundu kwamba kuna wakati wa kufunga. Mtasema pia kwamba bibi angeshikwa na ugonjwa hata kama simu ingekuwa wazi. Nayo ni kweli, na nimejifariji nayo usiku mwingi. Ila naona tumekuwa tukiuliza swali nusu. Tunauliza kama mwandishi ana haki ya kufunga mlango. Hatuulizi hodi zake anaziacha kwa nani, na kama huyo aliulizwa. Baba Mdogo na Mwalimu hawakugombana kwa sababu kila mmoja alitaka kibao. Walikuwa na haki nacho sawa. Waligombana kwa sababu kila mmoja alikichukua kana kwamba hapakuwa na mtu pale. Na mimi nilipoweka komeo nilidhani kati yangu na dunia hakuna mtu, kumbe alikuwapo dada yangu, ana daftari lake wazi kwenye kibanda, ubeti wa tatu umeishia kwenye neno "na". Nililiona daftari hilo baadaye. Halijaendelea.

Wako wanaosema msanii mkubwa lazima awe mchoyo wa muda wake, halafu wanataja majina ya watu wa Ulaya waliokuwa na wake na watumishi. Nawauliza: wale wake, mashairi yao yako wapi? Sisemi hivyo kwa kuwa nimekuwa mwema. Nimekuwa na hasara, ndiyo maana nahesabu. Majina yale ya watu wa zamani yalikuwa ya sura yangu ya tisa, hakuna mwingine anayeyajua, na nilipoteza riwaya kwa kuilinda riwaya. Bibi yupo mpaka leo, anakaa kizingitini, anashika mkono wangu kwa mkono wake mzima. Wakati mwingine anafungua mdomo na tunasubiri wote.

Baada ya mazungumzo marefu, mengine ya kupigiana kelele, mimi na dada tulipatana jambo. Jumamosi kuanzia saa nane mchana anaingia chumbani anafunga. Simu yake ninashika mimi, na hodi zote ni zangu. Jumapili ni zamu yangu kufunga, naye anashika, ila tumekubaliana kuna watu watatu ambao wakigonga mlango unafunguliwa hata kama nyumba imejaa Biblia na Kurani: bibi, Baba Mdogo, na mtoto wa mama mwenye nyumba, ambaye nimemwomba radhi mbele ya mama yake na ambaye sasa ananiogopa kidogo tu.

Jumamosi iliyopita, kuanzia saa nane mpaka magharibi, nilipokea hodi hizi: mteja wa dada aliyetaka gauni lake la harusi, muuza dagaa, mama mwenye nyumba kuhusu luku, mtoto wake mara mbili, ya kwanza bila sababu, fundi wa bomba aliyekosea nyumba, na simu ya Baba Mdogo, aliyetaka kujua tu kama tumekula. Sikuandika hata mstari. Saa moja usiku dada akatoka, macho mekundu, vidole vina wino. Aliuliza kama kuna chai. Sikumuuliza amefika wapi.